Hatuna Mbwa Sisi

Kuna wanawake wa kupika, kuna wa kusema, na kuna wa kuosha. Hidaya alikuwa wa kuosha. Mtaa mzima wa Dallas, pale Embu mjini, ulijua kwamba ukienda kwake utavua viatu mlangoni, na ukishavivua atavitazama vile viatu kwanza kabla hajakutazama wewe. Mumewe, Abdulatif, alikuwa na bucha karibu na soko, na kila jioni aliporudi alipokewa na beseni la maji ya moto kabla ya salamu. Hakulalamika. Alisema mke msafi ni neema, ila kuna neema nyingine zinachosha.

Basi mwanamke huyo, kati ya wanawake wote wa Embu, ndiye aliyekubali kutunza mbwa.

Hakuwa mbwa wake. Alikuwa wa jirani yake Nelius, mjane wa Kimbeere aliyekuwa karani katika ofisi moja ya serikali, ambaye kwa miaka tisa yeye na Hidaya walikuwa wametenganishwa na ua wa michongoma tu. Mbwa aliitwa Diwani. Jina hilo alipewa na marehemu Gachoki, mume wa Nelius, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa na tabia ya kusimama langoni na kumsalimia kila apitaye, mkubwa kwa mdogo, kama mtu anayeomba kura. Tofauti, Gachoki alizoea kusema, ni kwamba huyu anakusalimia hata baada ya uchaguzi. Gachoki alikwisha kufa, mwaka wa nne huo. Diwani alikuwa na miaka kumi na mmoja, mvi zimemjaa puani, na bado alisalimia watu.

Jumatatu moja ya mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeshika kasi, Nelius alikuja uani kwa Hidaya akiwa na begi mkononi. Mama yake alikuwa ameteleza huko Ishiara akavunjika nyonga.

“Mama Aaliyah, mimi naenda leo,” alisema. Waliitana kwa majina ya watoto wao: Aaliyah, binti wa Hidaya, alikuwa shule ya bweni, na Munyi, mwana wa Nelius, alikuwa amepata kazi Kisumu. “Sijui kama ni wiki moja ama ni mbili. Nyumba si shida, nimefunga. Shida ni huyu mzee. Kibanda chake kinavuja na hii baridi ataumia. Lakini najua dini yenu. Si lazima. Naweza peleka yeye kwa watu wa ofisi.”

“Watu gani wa ofisi?”

“Hata sijui,” Nelius akasema, na sauti ikamkatika.

Hidaya hakuhitaji kufikiri mara mbili. Mwaka wa kwanza wa ujirani wao, Aaliyah alilazwa na nimonia wiki ileile ambayo Hidaya alikuwa ametoka kujifungua mtoto ambaye hakuishi. Nelius, ambaye wakati huo hata kumjua vizuri hakumjua, aliomba likizo kazini akakaa wodini na mtoto wa watu siku nne, akimlisha uji kwa kijiko. Vitu vya namna hiyo havilipwi. Mtu anangoja tu nafasi.

“Mlete veranda ya nyuma,” alisema. “Wewe nenda kwa mama. Ukifika mpe pole zangu.”

Abdulatif aliposikia alikuna kidevu. “Kumfuga bila sababu ndiyo matata. Kumlisha kiumbe cha Mungu ni thawabu,” alisema, na jioni ile akaja na mfuko wa matumbo na vipande vya mafuta kutoka bucha.

Na Diwani alikuwa mgeni mwenye adabu kuliko wageni wengi wa miguu miwili. Hakubweka ovyo. Alilala juu ya gunia lake kwenye pembe ya veranda, na Hidaya alipofungua mlango wa jikoni alisimama, akatikisa mkia, akabaki palepale. Hakuwahi kuvuka kizingiti. Siku ya kwanza Hidaya alimsukumia sahani kwa fimbo ya ufagio. Siku ya pili aliiweka mwenyewe akarudi nyuma hatua mbili. Kabla hiyo siku ya pili haijaisha alijikuta anaongea naye huku akichambua mchicha, akimweleza habari za mama wa Nelius, na mzee yule anasikiliza, kichwa kimelala upande. Hidaya alishangaa. Hakujua kwamba mbwa husikiliza.

Lakini mbwa pia ana ulimi. Alilamba sahani, na hiyo ilikuwa yake. Kisha akalamba mkono wa ndoo, na hiyo haikuwa yake. Alilamba sakafu mahali palipodondoka mchuzi. Alitoka mvuani akaacha nyayo mbichi toka ngazini mpaka pembeni. Na Hidaya alikuwa amefundishwa tangu madrasani, bado mdogo, kwamba palipopita mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo.

“Chukua udongo hapo nje, changanya na maji, osha, kisha suuza,” Abdulatif alimwambia Jumanne usiku wakila. “Ndivyo tulivyofundishwa, na haina gharama.”

“Veranda yangu niipake tope? Jumamosi wanawake wa darsa la msikitini wanakuja hapa. Zamu ni yangu.”

“Basi maji matupu mengi. Sakafu ni sakafu.”

“Siku hizi kuna dawa,” Hidaya alisema, na mjadala ukaishia hapo, maana katika mambo ya usafi Abdulatif alikuwa raia wa kawaida tu.

Jumatano asubuhi alikwenda kwa Ruguru. Ruguru alikuwa mwanamke wa makamo, mchangamfu, mwenye duka la sabuni za kupima karibu na stendi. Unakwenda na chupa yako, ya soda au ya mafuta, naye anakujazia kutoka kwenye mapipa: sabuni ya maji ya kijani, sabuni ya rangi ya machungwa, dawa ya choo, dawa ya kufulia nguo nyeupe, na pipa moja la mwisho lenye dawa nyeusi inayonuka hospitali. Hakuna maandishi kwenye chupa. Maelezo yote yako mdomoni mwa Ruguru, na kwa haki yake, Ruguru hakuwahi kumwachia mtu chupa bila maelezo.

“Nataka ya kuua kila kitu,” Hidaya alimwambia.

“Ya wapi? Choo?”

“Veranda.”

“Hii nyeusi basi. Kifuniko kimoja kwa ndoo nzima, usizidishe.” Ruguru akaanza kumimina, halafu akasita, chupa nusu. “Lakini ngoja, mama. Mko na mbwa ama paka kwa nyumba? Juu hii ni kali kwa wanyama. Kama mko nayo nikupatie hii ya kijani, ni sabuni tu, ama uende na ya kipande.”

Sasa sikiliza jinsi mtu anavyojiharibia kwa neno moja. Nyuma ya Hidaya, mtungi mkononi, alikuwa amesimama Bi Jamilah, mwenyekiti wa darsa la wanawake, mama aliyehiji, ambaye kauli yake ikitoka Jumamosi hufika kila jiko la Waislamu Embu kabla ya Jumapili. Pembeni yake walikuwa wanawake wawili wa msikitini. Hidaya aliwaona kwa pembe ya jicho. Alimwona vilevile Diwani akilini, amelala kule verandani kwenye gunia. Na ulimi wake ukachagua.

“Mbwa?” alisema kwa kicheko. “Mimi ni wa kufuga mbwa? Hatuna mbwa sisi.”

Wale wanawake wawili walicheka pia. Ruguru akaomba radhi, akasema haya, anauliza tu kila mtu, akaijaza chupa mpaka shingoni. Bi Jamilah hakucheka; alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mtungi wake. Hidaya alitoka dukani akiwa amejiridhisha. Haukuwa uongo, alijiambia njiani. Mbwa si wake. Yeye hana mbwa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi wakili.

Alipofika nyumbani alimpeleka Diwani uani, akamimina kifuniko kimoja kwenye ndoo. Maji yakageuka meupe kama maziwa. Akanusa. Harufu ilikuwapo, lakini kwake haikutosha. Akaona kifuniko kimoja ni cha watu wenye sakafu za kawaida. Akamimina robo chupa. Alipiga deki mara saba, akihesabu kwa sauti, na kila mara aliipa brashi nguvu zote. Hakusuuza, maana kusuuza ni kuiondoa dawa, na dawa aliinunua ifanye kazi. Mvua ilikuwa inarudi. Akamwita Diwani, naye akapanda ngazi, akapita juu ya simenti iliyolowa, akajilaza pembeni pake. Gunia lilikuwa kambani linakauka. Alilala chini palepale, tumbo sakafuni.

Kisha akaanza kujilamba miguu, mmoja baada ya mwingine, kwa makini, kama wafanyavyo mbwa wazee.

Alhamisi asubuhi hakusimama mlango ulipofunguliwa. Mkia ulitikisika kidogo. Matumbo hakuyagusa. Udenda ulikuwa unamdondoka, mrefu, mzito, na mbele yake palikuwa pameshakuwa kidimbwi.

Ndipo lilipotendeka ambalo Hidaya hatajisamehe, na tulilitazame wazi. Yule mbwa alikuwa anadondosha udenda kwa sababu ya dawa. Na Hidaya, alipouona udenda, ambao ndio hasa aliofundishwa kuuosha, alikwenda akaleta dawa. Aliosha mara saba asubuhi. Adhuhuri ukadondoka mwingine, akaosha tena. Kadiri mnyama alivyozidi kutokwa na mate, ndivyo alivyozidi kulazwa juu ya sumu mbichi. Na wakati wote huo alikuwa anamhurumia. Alimwambia, “Pole mzee wangu, umeshikwa na homa? Ni hii baridi.” Alimtengenezea hata uji mwepesi wenye maziwa. Diwani alisogeza pua, akalamba mara moja, akatoa sauti ndogo, akaacha.

Ijumaa baada ya swala ni Abdulatif aliyeinama akamtazama vizuri. Yeye ni mtu wa bucha. Anajua ngozi iliyo sawa na isiyo sawa. Aliinua mguu wa mbwa kwa kipande cha gazeti. Nyayo zilikuwa zimegeuka nyeupe, zimevimba, zinachubuka kama utando wa maziwa yaliyochemka. Tumboni palikuwa pekundu.

“Hii si homa,” alisema. “Mama Aaliyah, hii ni kuungua.”

Daktari wa mifugo, Gichovi, alifika kwa pikipiki saa tisa. Kabla hajavua kofia ya pikipiki alikuwa amekwisha kunja pua.

“Mmeosha na nini hapa?”

Hidaya akaleta chupa. Gichovi hakuhitaji kuifungua. Aliomba maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, akamwosha Diwani miguu na tumbo taratibu, akamfungua mdomo akamwonyesha Abdulatif ulimi uliojaa vidonda, akamdunga sindano mbili na kumtundikia maji. Alikuwa mpole na mbwa. Kwa watu alikuwa mpole kidogo tu.

“Hizi dawa nyeusi, ambazo ukiweka kwa maji inakuwa kama maziwa, si za mahali mnyama analala,” alisema. “Paka ndio hawawezi kabisa. Mbwa naye, ikiwa kali hivi na sakafu haijakauka, inapita kwa ngozi. Halafu anajilamba, anameza. Ikifika kwa ini na figo, na huyu ni mzee...” Hakumaliza. “Mama, sabuni ya kipande na maji ingetosha. Siki kidogo ukitaka kutoa harufu. Usafishe, usuuze, ungoje pakauke, ndio umrudishe. Hata kama ungechukua tu maji na mchanga ukasugua, ingekuwa heri.”

Abdulatif alitazama chini. Hakusema, “Si nilikwambia udongo?” Wanaume wengine wangesema. Yeye aliinama akaokota sahani ya mbwa akaiweka karibu na bomba, na ukarimu huo ulimchoma Hidaya kuliko tusi.

“Hukujua,” Abdulatif alimwambia mkewe, daktari alipokwisha kuondoka. “Nelius akirudi mwambie ilivyokuwa. Ni muungwana, ataelewa. Hukujua.”

Hidaya aliitikia kwa kichwa. Kutojua ni kwa mtu ambaye hakuambiwa, na yeye alikuwa ameulizwa, tena mchana, tena kwa upole, na mtu aliyeshika sabuni nyingine mkononi tayari kumpa. Hakumwambia mumewe habari za duka.

Diwani alikufa Jumamosi, jua likiwa limeanza kupanda. Hidaya alikuwa ameketi ngazini, mbali naye kiasi cha mkono. Alikuwa amewaza kumgusa kichwani, mara moja tu. Mkono ungeoshwa, basi, mikono huoshwa. Alikuwa bado anawaza alipoona kwamba ubavu hautembei. Akaketi pale akilia kwa sauti, mwanamke mzima, bila kujali nani anamsikia ng'ambo ya ua. Abdulatif alichimba kaburi upande wa Nelius, nyuma ya migomba, akamzungushia gunia lake akamzika.

Kisha Hidaya alimpigia Nelius simu. Alikuwa amejipanga kusema yote. Lakini Nelius alipokea akiwa hospitalini, kelele za wagonjwa nyuma yake, sauti imechoka, na Hidaya akasema, “Mama Munyi, Diwani ametutoka,” na kabla hajaongeza neno Nelius alilia, akasema, “Uzee, ni uzee. Alikuwa amechoka, hata mimi nilikuwa naona.” Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema yote. Hidaya akasema, “Ndiyo. Uzee.”

“Asante kwa kukaa na yeye,” Nelius alisema. “Mungu akubariki. Hakufa peke yake.”

Saa nane wanawake wa darsa walifika. Waliketi veranda ya nyuma maana jua lilikuwa limetoka, na sakafu iling'aa, na wote wakasifu. Hidaya aliwamiminia chai ya tangawizi na kuwazungushia mahamri. Bi Jamilah, alipokwenda bombani kunawa, aliiona sahani.

“Hii ya mbwa?”

“Ya jirani,” Hidaya alisema haraka. “Alisafiri. Aliniachia mbwa wake, nikamweka hapa siku kidogo. Amekufa leo.” Akasubiri radi.

“Masikini,” Bi Jamilah alisema. Aliitazama sahani, akamtazama Hidaya na macho yake yaliyovimba. “Ungeniambia Jumatano pale kwa Ruguru. Nyumbani nilikuwa na mifupa tele ya sadaka, nimeitupa. Jirani ana haki yake, mwanangu, hata mnyama wake.” Akanawa mikono, akafunga bomba, akarudi kuketi.

Basi radi yenyewe haikuwapo. Hidaya alikuwa ameiogopa bure, na kwa hofu hiyo ya bure alikuwa amemuua kiumbe kilichomsikiliza akichambua mchicha. Alisimama jikoni, sinia mkononi, akatamani Bi Jamilah angemtukana. Angalau angekuwa na kitu cha kujitetea nacho.

Nelius alirudi baada ya wiki mbili, na mzigo wa ndengu na chupa ya asali ya Mbeere. Mama yake alikuwa anaendelea vyema. Alikwenda nyuma ya migomba, akasimama kidogo, akarudi akamshika Hidaya mikono yote miwili. Kila aliyemkuta mtaani alimwambia habari hiyo: kwamba mbwa wa Gachoki alifia mikononi mwa watu wazuri, kwamba Waislamu wale, na dini yao ilivyo, walikaa naye mpaka mwisho, hata daktari wakamwita. Watu walikuja kumpongeza Hidaya sokoni. Kila pongezi aliimeza kama kidonge kisicho na maji. Mara tatu alikwenda mpaka langoni kwa Nelius akiwa na maneno mdomoni, na mara tatu aliomba chumvi. Mwisho alikuwa na chumvi ya kumtosha mwaka.

Ikapita miezi miwili. Asubuhi moja ya Jumamosi, katika baridi ya mwezi wa saba, Nelius alibisha mlango wa nyuma. Alikuwa amebeba katoni, na ndani ya katoni alikuwamo paka mdogo wa rangi ya majivu, macho makubwa, amejikunja juu ya sweta kuukuu.

“Ona,” Nelius alisema, uso umechangamka kuliko ulivyokuwa tangu mwezi wa nne. “Dada yangu amenipea. Alitaka kunipea mbwa nikakataa. Niliuliza mwalimu mmoja wa madrasa tunapatananga na yeye kwa ofisi, akaniambia paka kwenu hana shida, anaingia hadi kwa nyumba. Nikasema basi ni paka. Siku nikisafiri tena, Mama Aaliyah asisumbuke kuosha-osha.”

Hidaya alimtazama paka.

“Lakini sasa nataka kutengeneza hapo kwangu kabla nimfungulie,” Nelius aliendelea. “Ile dawa yako ya veranda, ile nilipata inanukia hadi kwangu nikirudi. Unatoa kwa Ruguru? Inaitwaje? Nataka nioshe jikoni na kwa kona atakuwa analala.”

Kulikuwa na njia za kukwepa, na Hidaya aliziona. Angeweza kusema dawa ile imekwisha sokoni. Angeweza kusema inaharibu simenti. Alizihesabu zote mbili, na paka akapiga chafya ndani ya katoni.

“Mama Munyi, usiitumie,” alisema. “Ndiyo iliyomuua Diwani.”

Alimweleza. Alieleza maji ya maziwa, na udenda, na jinsi alivyouosha udenda kwa kilekile kilichouleta, na nyayo, na maneno ya Gichovi. Nelius alisikiliza akiwa ameikumbatia katoni kifuani. Machozi yalimtoka bila sauti. Hidaya alipomaliza, Nelius alijifuta kwa bega, akavuta pumzi ndefu.

“Haukujua, Mama Aaliyah,” alisema. “Hata mimi singejua. Usijiue na hiyo kitu.”

Na hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Yeyote angepita. Hidaya mwenyewe alihisi miguu inataka kupita.

“Niliulizwa,” alisema.

“Uliulizwa nini?”

“Ruguru aliniuliza kama kuna mbwa nyumbani. Aliniambia ile dawa ni kali kwa wanyama. Alikuwa tayari kunipa sabuni nyingine.” Aliitazama ile pembe ya veranda. “Nikamwambia hatuna mbwa.”

Nelius alimkazia macho. “Na Diwani alikuwa wapi?”

“Hapa. Kwenye gunia.”

“Kwa nini ulisema hivyo?”

“Bi Jamilah alikuwa nyuma yangu. Na wengine wa msikitini.” Sauti ilikuwa imeshuka karibu isisikike. “Niliona haya.”

Paka alikuwa ametoa kichwa nje ya katoni, na Nelius alimrudisha kwa vidole viwili, polepole, bila kumtazama.

“Kila Krismasi watu wetu wakikuja kutoka Ishiara,” alisema, “wanapata mbuzi amefungwa tu hapo. Wananiuliza, kwani hatuchinji? Nawaambia tungoje Baba Aaliyah afunge bucha, akuje achinje yeye, ndio majirani wangu nao wakule. Wanangoja mpaka saa nane, saa tisa. Wananicheka. Shemeji yangu anasemanga ati nimebadilisha dini. Miaka tisa.” Akamtazama Hidaya usoni. “Na mimi sijawahi kukuonea haya.”

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Hidaya angeomba msamaha, na msamaha ungekuwa na mahali pa kuingilia.

“Nisamehe,” alisema hata hivyo.

“Nimesikia,” Nelius alisema. Akaiweka katoni vizuri mkononi. “Sasa nioshe na nini?”

“Sabuni ya kipande,” Hidaya alisema. “Maji mengi. Suuza mara mbili. Ukitaka kutoa harufu, tia siki kidogo. Ungoje pakauke kabisa, ndipo umfungulie. Dawa ya choo usiiache mahali anafika. Na ile ya nguo nyeupe pia.”

Nelius alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa kila jambo, kama anavyosikiliza watu anaowahudumia ofisini. Akasema asante sana. Kisha akapita pembeni ya sakafu ili asiichafue kwa viatu vyake, akashuka ngazi, akaenda zake.